Msaada wakuu: napima uwezo wa kujizuia kwa bodaboda kwenye laptopu, SSRT zinatoka hasi

saiko_dom

Wakuu habarini. Nasoma masters ya saikolojia hapa Dodoma, utafiti wangu ni wa bodaboda. Nataka kupima ule uwezo wa kukatisha kitendo ambacho mtu ameshakianza, sio hasira wala uvumilivu, nazungumzia mkono kabisa, umeshaamua kwenda halafu unatakiwa usiende. Natumia jaribio la ishara ya simama. Kwa wasiolijua: mshale unatokea kwenye skrini, ukielekea kushoto unabonyeza kushoto, ukielekea kulia unabonyeza kulia, haraka uwezavyo. Ila mara moja kati ya nne ule mshale unageuka bluu baada ya kitambo kidogo sana, na hapo hutakiwi kubonyeza chochote. Ukifanikiwa kujizuia, safari nyingine bluu inachelewa zaidi kwa milisekunde 50, ukishindwa inawahi kwa 50, basi inapanda na kushuka hivyo mpaka mwisho. Hicho kitambo ndo SSD. Baadae unapiga hesabu ya SSRT, yani muda ambao ubongo unauhitaji kukatisha.

Sasa tatizo. Nimefanya majaribio ya awali na madereva wachache wa kijiwe kimoja na matokeo ni vituko. Kuna ambao SSRT iko chini ya milisekunde 50, kuna mmoja imetoka hasi kabisa, yani alisimama kabla hajaambiwa asimame 😂 na kuna mwingine yeye imevuka 600, wakati makala zote ninazosoma vijana wazima wanacheza kwenye 200 hadi 250 hivi. Supavaiza anasema niwatoe hao niendelee na waliobaki, mimi roho inasita maana nikiwatoa nabaki na wale "wazuri" tu.

Hesabu nafanya hivi: wastani wa muda wa kubonyeza kwenye raundi za kawaida, natoa wastani wa SSD. Raundi ambazo mtu hakubonyeza kabisa wakati alitakiwa abonyeze nimezifuta. Je shida ni programu, ni laptopu yangu, ni madereva, au niachane nalo nirudi kwenye go/no-go (ile unaambiwa mapema kipi ubonyeze na kipi uache) ambayo ni rahisi?

---

Bi_Milisekunde

Pole mdogo wangu, karibu kwenye ukoo. Ngoja nianze na kitu ambacho wengi wanaruka: SSRT hujaipima, umeikadiria. Mtu akifanikiwa kujizuia hakuna kinachotokea, kidole hakijagusa kitu, kompyuta haina cha kurekodi. Kwa hiyo namba yote inatoka kwenye modeli ya mbio ya Logan na Cowan ya mwaka 1984. Wao walisema kuna mchakato wa kwenda na mchakato wa kusimama, kila mmoja anakimbia kivyake, wa kwenda anaanza mshale unapotokea, wa kusimama anaanza bluu inapotokea, anayefika kwanza kashinda. Na yote hayo yamekalia sharti moja, kwamba mchakato wa kwenda kwenye raundi za bluu ni uleule wa raundi za kawaida. Dereva akianza kuvizia, aone kwanza kama bluu inakuja ndo abonyeze, sharti limevunjika, na hapo hata ukipata 230 nzuri ya kupendeza haina maana.

Mimi nakwambia hao wa chini ya 50 ni wasubiriaji. Wanachelewesha mpaka muda wa raundi unaisha, SSD inazidi kupanda, wewe umefuta zile ambazo hawakubonyeza, unatoa namba kubwa kutoka namba kubwa unabaki na kasungura kadogo au hasi. Fungua data zao uangalie muda wa kubonyeza bloku (fungu la raundi) ya kwanza na bloku ya mwisho. Kama unapanda tu kama bei ya mafuta ushajua.

Yule wa 600 ni kinyume chake. Angalia kwenye raundi za bluu amebonyeza asilimia ngapi. Ngazi, yani huko kupanda na kushuka kwa SSD, ikifanya kazi vizuri kila mtu anatakiwa aangukie karibu na 50, ndo maana ya kuipandisha na kuishusha. Kama yeye ni 80 au 90 basi alikuwa hasimami kabisa, SSD imeshuka mpaka chini na hesabu ikakutapikia namba. Wengi wanakata kwenye 25 na 75, mtu akitoka nje ya hapo usimkadirie SSRT kabisa, sio unamkadiria halafu unamfuta kwa sababu namba imekaa vibaya, hivyo ni vitu viwili tofauti na wakaguzi watakuuliza.

Kuhusu hesabu yako, hiyo ya wastani kutoa wastani acha. Mwaka 2019 Verbruggen na wenzake wengi, akiwemo Logan mwenyewe, walitoa mwongozo wa pamoja kwenye jarida la eLife kuhusu hili jaribio, usome wote, ni bure. Njia wanayoipendekeza ni ya intigresheni. Unapanga muda wote wa kubonyeza wa raundi za kawaida kuanzia mdogo kwenda mkubwa, unachukua ule wa nafasi inayolingana na asilimia ya kushindwa kujizuia. Tuseme raundi za kawaida ni 200 na mtu alishindwa nusu ya zile za bluu, unachukua muda wa nafasi ya 100. Tuseme ni 480, wastani wa SSD ni 250, SSRT ni 230, basi. Na zile raundi ulizozifuta RUDISHA. Ambapo hakubonyeza unamwekea muda mrefu kuliko yote aliyowahi kubonyeza, na alipobonyeza upande usio sahihi unaacha humohumo. Ukizifuta unamwonea mtu au unampendelea, na hutajua lipi.

Halafu kagua hili kwa kila mtu kabla ya yote: muda wa kubonyeza pale aliposhindwa kujizuia unatakiwa uwe mfupi kuliko wa raundi za kawaida. Kimantiki si ndio, waliotoroka ni wale wa haraka. Ukikuta ni mrefu, modeli imekataa kwa mtu huyo, hupati SSRT hapo hata ufanyeje.

---

kijiwe_cha_makulu

Wasomi samahani naingilia, mimi ni dereva boda, hayo mambo ya intigresheni siyajui ila hilo la kusubiri naweza kukwambia kwanini. Wewe dada/kaka umekuja kijiweni na laptopu na fomu ya kusaini. Unajua sisi tukiona mtu na fomu tunawaza nini? Leseni. Tunawaza huyu katumwa, akiona nimekosea ataandika huyu hafai barabarani. Sasa mtu mwenye wazo hilo utamwambia abonyeze haraka haraka akosee? Ataenda taratibu kama amebeba mayai. Na yule mwingine ambaye hakusimama kabisa huyo alikuwa anataka amalize arudi kwenye foleni, zamu yake ilikuwa inapita 😂

Alafu mmetufanyia juani au ndani? Maana bluu juani hata siioni.

---

saiko_dom

@kijiwe_cha_makulu aisee mkuu umenigusa, ilikuwa chini ya mwembe pale kijiweni, kivuli kipo ila mwanga ni mkali. Na fomu ya ridhaa ilikuwa na muhuri wa chuo juu kabisa.

@Bi_Milisekunde nimefungua data usiku huu. Ni kama ulikuwa umekaa pembeni yangu. Wale wa SSRT ndogo wote muda wao unapanda bloku kwa bloku, na yule wa hasi mara nyingi hakubonyeza kabisa, kwenye bluu na hata kwenye za kawaida. Yule wa 600 kabonyeza bluu karibu zote. Kwa hiyo sio ubongo ni mkakati. Ila sasa nikiweka sheria ya 25 na 75 napoteza watu wengi mno kwenye kikundi kidogo.

---

fundi_fremu

Mimi ni mtu wa mashine tu, wacha niulize ya kwangu. Laptopu ni ya namna gani, skrini inaonyesha mara ngapi kwa sekunde? Ya kawaida ni hezi 60, maana yake picha inabadilika kila milisekunde 16.7, na hiyo hatua yako ya 50 ni fremu tatu kamili, hapo uko salama. Ukipata wazo la kuweka hatua ya 20 au 40 usiweke, skrini haiwezi kukupa, itazungusha yenyewe na faili litakuandikia namba ambayo haikutokea.

Kibodi nayo. Tumia ya waya, zile za bluetooth zinachelewa na mbaya zaidi zinachelewa bila mpangilio. Kuchelewa kwa namna moja kila mara hakuui sana maana kunaingia kwa kila mtu, kunakoua ni kule leo 10 kesho 60. Simu ya kugusa kwa kazi hii hapana. Zima sasisho, zima antivairasi isije ikaamka katikati, na zima ule mpangilio wa kubana betri, ukikata umeme na laptopu ikahamia betri prosesa inashushwa mwendo kimyakimya na wewe huna habari. Nimeona mtu anatetea matokeo ya nusu ya washiriki waliopimwa kwenye betri na nusu kwenye umeme, kichekesho.

Programu yenyewe sio lazima ununue. PsychoPy ni bure, OpenSesame ni bure, jsPsych inaendeshwa kwenye brauza na unaweza kuiweka kwenye laptopu ikafanya kazi bila bando. Jaribio lenyewe lipo tayari linaitwa STOP-IT, Verbruggen na wenzake walilitoa 2008, na kwenye ule mwongozo wa 2019 wakaweka toleo la jsPsych, unapakua unabadilisha maelekezo kuwa Kiswahili. Ila angalia kitu kimoja, lile la 2008 lina bloku tatu za raundi 64, robo yake ni 48 za bluu, na mwongozo unataka angalau 50. Ongeza bloku ya nne uwe na 64, maana ukija kufuta futa mwisho wa siku unabaki na nini.

---

Msomi_wa_Pwani

Salamu kutoka Kilifi. Sisi huku tumezoea kupima watoto, na Kilifi watafiti wako na historia ndefu ya kurekebisha vipimo vya akili viendane na watoto wa hapa, kwa hiyo hili la maelekezo tumelila sana. Mtu hatakuelewa kwa kusomewa karatasi. Mwonyeshe. Fanya wewe mwenyewe raundi kadhaa mbele yake, na ukosee kwa makusudi, ukicheka, aone kuwa kukosea ni sehemu ya mchezo. Halafu afanye mazoezi bila bluu kwanza mpaka mkono uzoee kwenda, ndio uingize bluu. Ukianza na bluu siku ya kwanza unamfundisha kuogopa.

Na kila mwisho wa bloku mpe mrejesho. Programu ikuonyeshe muda wake wa wastani, ukiona umeruka juu kuliko wa mazoezi mwambie ndugu umepunguza mwendo, rudi kama mwanzo.

Kuhusu go/no-go, ati ni rahisi, ndiyo ni rahisi kufanya lakini si kitu kilekile. Kule unaambiwa kabla hujaanza, herufi hii bonyeza, hii acha. Unajizuia kuondoka. Kwa ishara ya simama ulishaondoka na unakatishwa. Kwa dereva hizo ni hali mbili, taa nyekundu umeiona mbali, na mtoto aliyetokea ghafla mbele ya gurudumu. Wewe swali lako ni lipi kati ya hayo? Chagua jaribio kutokana na hilo, si kutokana na wepesi.

Na ukichagua go/no-go usiweke nusu kwa nusu. Ni kosa la kila mahali. Wessel aliandika mwaka 2018 kuonyesha kuwa ukiweka nusu kwa nusu na mwendo wa polepole, mkono hata haujajiandaa kwenda, sasa unazuia nini? Za kubonyeza ziwe nyingi, tuseme 80 katika kila 100, na zije mbiombio. Halafu chagua picha vizuri pia. Kuna jaribio moja la watoto la Marekani, mtoto anabonyeza kila mnyama isipokuwa nguruwe. Ulete hapa kwetu pwani nyumba ya Waislamu ukaanze kumwonyesha mtoto nguruwe kumi na tano, mama atafunga mlango 😅 weka fisi, weka mamba, hesabu haibadiliki.

---

mtata_wa_takwimu

Mnamsaidia kupima vizuri kitu ambacho huenda hakitamsaidia. saiko_dom, ukishapata SSRT nzuri unaenda kuifanyia nini? Kama ni kuihusianisha na idadi ya ajali za kila dereva nakushauri ukae chini kwanza. Hedge, Powell na Sumner 2018 walichukua majaribio kadhaa ya aina hii, ikiwemo ishara ya simama, go/no-go, Stroop (kutaja rangi ya wino wakati neno linasema rangi nyingine) na flanka (kujibu mshale wa katikati huku wa pembeni wanakupotosha), wakawapima watu walewale tena baada ya wiki tatu. Mengi yaliyo maarufu kwa kutoa matokeo yaleyale kila maabara yakawa hafifu kumtofautisha mtu na mtu. Na sababu ni ya kuchekesha ukiiwaza, jaribio linapata sifa kwa sababu watu wote wanafanana kwenye hilo, kwa hiyo tofauti yao ni ndogo, na pasipo na tofauti uwiano utautoa wapi?

Na usitegemee kwamba SSRT itakubaliana na dodoso la kujiuliza mwenyewe kama wewe ni mtu wa pupa. Hivyo viwili vinasalimiana kwa mbali sana. Watu wengi wameandika "tulishangaa" kwenye mjadala wao, hakuna cha kushangaa.

Stroop nayo sitaki kuisikia kwenye uzi huu, ile ni kuchuja taarifa zinazogongana, rangi na neno, sio kukatisha mkono. Kila mwaka kuna mtu anaziweka kapu moja.

---

Bi_Milisekunde

@mtata_wa_takwimu uko sahihi ila umemtisha mwanafunzi. Tatizo ulilolitaja ni la kulinganisha mtu na mtu. Akilinganisha hali na hali ndani ya watu walewale, mfano dereva akitoka kulala na dereva yuleyule baada ya zamu ya usiku, anasimama imara zaidi, maana hapo ndipo hizi kazi zilipozaliwa. saiko_dom fikiria hilo, bodaboda wa usiku ni wengi na usingizi ni swali la kweli kwao, sio la kubuni. Ukifanya hivyo nusu waanze na hali ya usingizi kamili, nusu waanze na ya uchovu, maana mara ya pili mtu ameshazoea mchezo.

Na kuhusu kupoteza watu: hao wa majaribio ya awali usiwaokoe, kazi yao ilikuwa kukuonyesha tatizo na wameshaifanya. Andika sheria zako za kuondoa mtu SASA, kabla hujakusanya data yenyewe, supavaiza azione, na kwenye ripoti useme wangapi wameondoka kwa sababu gani. Ukirekebisha maelekezo hutapoteza wengi hivyo.

---

saiko_dom

Hilo la zamu ya usiku nimelipenda kuliko hata la kwangu, kesho naenda nalo ofisini kwa supavaiza, tutalazimika kurudisha pendekezo kwenye kamati ya maadili lakini bora sasa. Sasa dada nisaidie maneno ya maelekezo, ya kwangu yalikuwa "bonyeza kwa haraka na kwa usahihi, na uwe mwangalifu kwa mshale wa bluu", naona kabisa hapo nilikuwa nawaambia wasubiri.

---

Bi_Milisekunde

Mimi ningesema hivi, kwa mdomo, sio kwa karatasi:

"Mshale ukitokea, bonyeza upande wake palepale. Mara chache utageuka bluu, hapo jaribu kuacha. Usiusubiri. Kompyuta imetengenezwa kukutega, ukiweza inaongeza ugumu, ukishindwa inapunguza, kwa hiyo kila mtu hapa anashindwa kama nusu. Ukiona hushindwi kabisa ujue unachelewa. Kwenda haraka na kusimama vyote vina uzito sawa."

Hiyo ya nusu usiiache, ndo inayomwondolea mtu aibu. Na umwambie wazi kwamba majibu hayaendi polisi, hayaendi LATRA (wasimamizi wa usafiri wa ardhini), wala kwa mwenye pikipiki, jina lake halimo.

---

fundi_fremu

Na mtoe chini ya mwembe. Tafuta chumba karibu na kijiwe, ofisi ya mtaa au hata darasa, skrini iwe na mwanga uleule kwa wote, simu zizimwe kabisa sio mtetemo.

---

kijiwe_cha_makulu

Simu kuzimwa utalipia hasara ya abiria lakini 😂 Ila serious, posho iwe sawa kwa wote na uiseme mwanzoni kabisa, usije ukasema atakayefanya vizuri anaongezewa, hapo watu watavizia mpaka jioni. Na usije saa moja asubuhi wala saa kumi jioni, hizo ni saa za kazi, njoo saa nne saa tano hivi tumekaa tu. Wa usiku wao wanamaliza alfajiri, hao wakishuka kwenye pikipiki wanakwenda kulala moja kwa moja, ukiwataka uwe umeshafika kijiweni saa kumi na moja alfajiri na laptopu yako imechajiwa.

---

saiko_dom

Saa kumi na moja alfajiri nitakuwepo mkuu. Umeme ukikata kwenye chumba nakuja na UPS, sitaki fundi aje anicheke tena.